Fukumoto Seizo na Kazi ya Kuuawa kwa Upanga

Filamu nyingi za Kijapani ziitwazo jidaigeki, yaani zile zinazosimulia nyakati za masamurai, zimetengenezwa Uzumasa, mtaa wa magharibi mwa mji wa Kyoto ambako studio zilianza kujengwa katika miaka ya 1920 na ambako baadaye kampuni ya Toei, iliyoundwa mwaka 1951, iliweka studio yake ya Kyoto. Huko ndiko ilikokomaa kazi ya kirareyaku, mwigizaji ambaye jukumu lake ni kukatwa upanga na mhusika mkuu, yule ambaye watazamaji wa Afrika Mashariki humwita stelingi. Na katika kazi hiyo hakuna aliyevuma kuliko Fukumoto Seizo.

Fukumoto alizaliwa mwaka 1943 huko Kasumi, mji wa wavuvi katika mkoa wa Hyogo, akaingia Toei mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka huohuo biashara ya sinema nchini Japani ilifika kileleni, kwani ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.1, na studio zilihitaji watu wengi wa kupigana na kuanguka. Waigizaji wa daraja lake waliitwa watu wa obeya, maana yake chumba kikubwa, kwa kuwa walivalia mavazi yao pamoja katika chumba kimoja ilhali nyota walikuwa na vyumba vyao wenyewe. Na mtu wa obeya aliweza kuuawa, kubadili nguo, kisha kuuawa tena katika filamu ileile.

Kazi hii yataka ustadi ambao wengi hawautambui. Upanga wa kuigizia mara nyingi ni wa mwanzi uliofunikwa karatasi ya rangi ya fedha, na mapigano yote hupangwa hatua kwa hatua na tateshi, yaani mwalimu wa mapigano, ili pigo lisimguse mtu. Kwa hiyo anayemsadikisha mtazamaji kwamba upanga ni mkali ni yule anayekatwa, wala si yule anayekata. Fukumoto, aliyevutiwa na namna Charlie Chaplin alivyokuwa akianguka, alijijengea mtindo uitwao ebizori, ambapo mwili hupinda kinyumenyume kama kamba wa baharini, mgongo ukawa upinde na uso ukaelekea kamera, kabla ya kuporomoka chini bila mikono kuutangulia mwili. Magazeti yalimwita mtu aliyeuawa mara 50,000, hesabu ambayo ni ya sifa zaidi kuliko ya daftari.

Televisheni ilipowapunguza watazamaji wa sinema, Toei iligeukia filamu za yakuza, yaani magenge ya wahalifu, na mwaka 1973 mwongozaji Fukasaku Kinji alianza mfululizo wa Jingi Naki Tatakai, unaohusu magenge ya Hiroshima baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Watu wa obeya walibadilisha panga kwa bastola. Mwenzao Kawatani Takuzo, katika filamu ya pili ya mfululizo huo, aliburutwa majini kwa boti akiwa amefungwa kamba, na kwa ujasiri wa namna hiyo yeye na wenzake, walioungana mwaka 1975 kwa jina la Kikosi cha Pirana, walipata umaarufu wa kwao wenyewe. Fukumoto alibaki katika obeya, akiuawa pia katika tamthilia za televisheni za masamurai, ambazo nazo zilififia hata Mito Komon, iliyoanza mwaka 1969, ikafikia kikomo mwaka 2011.

Sifa za nje zilimjia alipokuwa amefikisha umri wa kustaafu. Mwaka 2003 aliigiza katika filamu ya Marekani, The Last Samurai, akiwa mlinzi asiyesema wa mhusika wa Tom Cruise, na mwaka 2014, akiwa na miaka 71, akawa mhusika mkuu kwa mara ya kwanza katika Uzumasa Limelight ya mwongozaji Ochiai Ken, akicheza kirareyaku mzee anayemfundisha msichana kupigana kwa upanga. Kwa filamu hiyo alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Fantasia mjini Montreal, tuzo aliyoistahili tangu zamani. Alifariki tarehe 1 Januari 2021 kwa saratani ya mapafu. Msomaji anayetaka kuiona kazi hii kwa karibu aanze na Uzumasa Limelight, kisha arudi kwenye filamu za zamani za Toei akiwatazama wanaoanguka.