Kufuata kuni tu, halafu soko likafungwa
Wengi mnaijua Kasulu kwa baridi na maharage, ila kuna stori nyingine. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika, na Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 haina longolongo: huna kibali, hutoki kambini. Sasa kuni zitajileta zenyewe, jamani? Akina mama wakawa wanauvuka mpaka wa kilomita 4 kimyakimya, wengine wakadakwa. Masharti yakazidi kubana, na kufikia 2019 masoko ya pamoja yakafungwa. Asiyewahi kuvuka popote naye akakosa pa kuuzia, na mkulima mwenyeji akabaki na mikungu yake ya ndizi.