Popo matunda wa Wahlberg

Popo matunda wa Wahlberg (Epomophorus wahlbergi) ni popo wa mashariki na kusini mwa Afrika, Unguja na Pemba pia. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, Kinondoni hata Temeke, huzifuata nyumba zenye miembe, mipera na mikungu uani.

Ana uso mrefu kama wa mbwa, macho makubwa, na kishungi cheupe kwenye shina la kila sikio. Uzito wake ni kati ya gramu 60 na 125. Mabawa yakikunjuliwa hukaribia nusu mita. Dume humzidi jike kwa umbo, na mabegani ana vifuko vya ngozi vyenye nywele nyeupe, ambavyo havionekani akitulia.

Wengi wamemsikia bila kumjua. Ule mlio mkali na mfupi wa usiku, kama kengele ndogo inayogongwa bila kuchoka, ambao ni rahisi kudhani ni wa chura, ni wa dume anayeita majike. Huning'inia tawini, akavifunua vifuko, nywele zikachanua kama ua, huku akipigapiga mabawa. Kwa kuwa ni popo wa usiku, wengine humhusisha na popobawa, pepo anayesimuliwa kuwa huwavamia watu usiku; lakini hofu hiyo, iliyotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 na kufika Dar es Salaam mwaka 2007, haimhusu hata kidogo. Kumuua kwa sababu hiyo ni kumdhulumu.

Hatafuti njia kwa mwangwi kama popo wadogo wa darini, bali kwa macho na pua. Tunda halili pale alipolichuma: hulibeba kwa meno hadi mti mwingine au upenuni, akafyonza maji na kutema makapi. Hapo ndipo zinapotoka kokwa za kungu barazani asubuhi, na madoa ukutani. Ni kero, lakini ndogo ukiipima na kazi yake. Mbegu za kuyu na mapera humpita tumboni zikiwa nzima na kuangukia mbali na mti mama. Maua ya mbuyu, yanayofunguka usiku, naye huyachavusha.

Mchana hulala majanini, peke yake au kwa vikundi vidogo. Jike huzaa mtoto mmoja, naye humng'ang'ania mama kifuani hata wakiruka.

Popo huyu alipewa jina na mtaalamu wa wanyama Sundevall mwaka 1846, kwa heshima ya Johan August Wahlberg, msafiri wa Sweden aliyeuawa na tembo mwaka 1856.

Popo huyu akianguka chini, asishikwe kwa mkono mtupu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.