Tabasamu Lililotoka kwa Lifti
Wasee, emoji zilitoka Japani, hiyo mnajua. Lakini babu yao, ile :-) ya nukta mbili, kistari na mabano, alitoka kwa lifti.

Ni Septemba 1982, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani. Watu wa kompyuta pale walikuwa wanaandikiana kwa ubao wa matangazo wa kompyuta. Mmoja akauliza swali la fizikia: ukikata kamba ya lifti, tone la zebaki lililo ndani litafanya nini? Mwingine akaleta mzaha, akatangaza ati lifti moja imechafuliwa na zebaki na kuungua kidogo kwa sababu ya jaribio la fizikia. Sasa, zebaki ni sumu. Aliyeingia katikati ya stori aliona onyo tu, na kuna walioamini kabisa. Wasomi wa kompyuta, bana! (Mimi niliyeacha chuo nilifurahia sana hapo.)

Ikabidi watafute alama ya mzaha. Mmoja alitaka nyota, mwingine akaleta # ati inafanana na meno ya mtu anayecheka. Tarehe 19, saa tano na dakika 44 asubuhi, Scott Fahlman akaandika :-) na kuwaambia waisome kwa upande. Kitu watu husahau ni kwamba :-( yake haikuwa ya huzuni. Aliitoa kwa mambo yasiyo mzaha, kwa sababu mizaha ilikuwa imejaa mpaka ni afadhali kuwekea alama yale ya ukweli. Ni kama alikuwa amefungua simu yangu.

Ukidhani haya ni mambo ya watoto, angalia Uingereza. Januari 2010 jamaa mmoja alikuta uwanja wa ndege umefungwa kwa sababu ya theluji, akaandika Twitter kwamba usipofunguliwa baada ya wiki moja na kitu, ataulipua. Alikuwa anatania. Mei akapatikana na hatia: faini ya pauni 385, na kazi ikaenda. Mahakama Kuu ilikuja kufuta hukumu hiyo Julai 2012. Zaidi ya miaka miwili ya presha kwa mzaha mmoja!

Sisi angalau tuna "eti". "Amesoma sana" ni sifa. "Eti amesoma sana" ni matusi tayari, na sijaweka emoji yoyote. Fahlman angekuwa nayo, labda hangesumbuka na mabano.

Lakini hata sisi tunakwama kwa "Sawa". Mwandikie mpenzi wako "Sawa", hana shida. Ongeza nukta, "Sawa.", na usiku huo atapiga simu kuuliza amekukosea wapi. Mamangu naye huweka nukta kila mahali, hata kwa "Nakupenda." Hajanuna, ni mwalimu wake wa darasa la nne alimfunza hivyo.