Kutazama DVD katika kompyuta za mfumo huria: programu ipi ichaguliwe?

Katika kilima cha Gisozi, wilayani Gasabo, jijini Kigali, Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi una hifadhi ya nyaraka iliyofunguliwa mwaka 2010, inayotunza, pamoja na mengine, ushuhuda uliorekodiwa kwa video. Kaya nyingi nazo zina hifadhi yao ndogo kabatini: DVD za arusi, za mazishi, za mawaidha, na filamu za Tanzania za enzi za marehemu Steven Kanumba. Deki za kuzichezea zinazidi kuadimika, na mwenye kompyuta inayotumia Linux, kama vile Ubuntu au Debian, huenda akatia diski na kuambulia ujumbe wa hitilafu.

Kompyuta si mbovu. DVD nyingi za kiwandani hufungwa kwa kufuli ya kidijitali iitwayo CSS, na kuifungua huhitaji programu ndogo ya ziada, libdvdcss. Ubuntu na Debian haziiweki tangu mwanzo kwa kuhofia sheria, hususan ile ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za aina hiyo. Norwei ilifuata njia nyingine: Jon Lech Johansen, kijana aliyeshtakiwa kwa sababu ya programu ya DeCSS ya mwaka 1999, aliachiwa huru mahakamani mwaka 2003. Diski iliyorekodiwa na mpiga picha wa arusi kwa kawaida haina kufuli hiyo, nayo hufunguka bila kuongezewa chochote.

Kwa wengi, chaguo la kwanza ni VLC. Ilitokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, na msimbo wake umekuwa huria tangu 2001. Huonyesha menyu ya diski, huruhusu kuchagua lugha na maandishi ya tafsiri, na hutumia libdvdcss yenyewe mara inapokuwapo. mpv ni nyepesi na huifaa kompyuta kongwe, lakini haionyeshi menyu za DVD. Kwa diski yenye vipindi vingi, hilo ni usumbufu wa kweli. Xine humudu menyu, ingawa sura yake ni ya kizamani.

Katika Ubuntu, fungua dirisha la amri ukiwa na intaneti, uandike:

sudo apt install vlc libdvd-pkg

kisha:

sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Amri ya pili ndiyo wengi huisahau, na bila hiyo huenda diski yenye kufuli ikabaki imefungwa.

Lipo pia suala la kanda. Rwanda imo katika kanda ya 5, ilhali diski iliyonunuliwa Ubelgiji ni ya kanda ya 2. Kiendeshi cha DVD huruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha hubaki palepale daima. Basi asibadilishe mtu ovyo kwa ajili ya filamu moja.

Kompyuta nyingi mpya hazina kiendeshi, lakini cha nje cha USB kinatosha. Kwa diski ya familia iliyochunika, anza na programu ya ddrescue: husoma kwanza sehemu nzima, kisha hurudia zilizoharibika, na kuhifadhi kilichopatikana katika faili moja ambayo VLC huicheza kama diski yenyewe. Andaa nafasi ya gigabaiti 4.7 kwa diski ya tabaka moja, au 8.5 kwa ya tabaka mbili.