Rungwe: Wembe Kabla ya Kitana

Siku hizi tukisema nywele za asili tunamaanisha nywele zisizotiwa dawa, zilizoachwa zikakua, zikasukwa au kufungwa vitunguu. Wasusi wanaozitetea wamewaondolea wasichana wengi aibu wasiyostahili, na kazi hiyo naiheshimu. Ila Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, neno hilo halitoshi. Huko, kwa ushahidi uliobaki, asili ya nywele imo pia katika kuzinyoa, na msusi wa Tukuyu, mji wa huko Rungwe, anayetaka kurithi mila za kwao inampasa aanzie kwenye wembe.

Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na kutafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938, wakisaidiwa na karani wao, Leonard Mwaisumo. Katika kitabu cha Monica cha 1957, Rituals of Kinship among the Nyakyusa, mazishi, unyago wa mwali na uzazi wa mapacha vinafuata njia moja: mhusika hutengwa, huhesabiwa kuwa yu karibu na mizimu, kisha huoshwa na kunyolewa ndipo arudi kwa watu. Wenyeji walieleza sababu bila kigugumizi. Aliyekaribia kifo amebeba uchafu wake, na asipofanyiwa mila huenda akarukwa na akili. Kwa hiyo kunyoa kulikuwa tiba na mpaka kwa wakati mmoja. Hata Waswahili wa pwani, wanaomnyoa mtoto siku ya saba wakati wa akika, wataielewa lugha hiyo, ijapokuwa imani ni nyingine.

Atakayesema watu walinyoa kwa ajili ya chawa tu hajakosea kabisa, lakini chawa hawasubiri matanga yaishe. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba habari hizi ziliandikwa na mgeni, zaidi ya miaka arobaini baada ya wamisionari wa Moraviani kufika Rungwe mwaka 1891. Ni kweli, na kwa sababu hiyo maelezo ya Monica sharti tuyapime. Hata hivyo alinukuu kwa urefu maneno ya wazee, na mila ambayo bado ilifanywa baada ya mahubiri ya miaka yote hiyo haikuwa pambo la juujuu.

Baadaye serikali na chama navyo viliingilia habari za nywele: mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulipitisha Operesheni Vijana, na mawigi yakapigwa marufuku pamoja na sketi fupi na dawa za kujichubua. Utamaduni ukapimwa kwa kinachoonekana kichwani, na kipimo hicho tunacho mpaka leo, hata sisi tunaopinga marufuku za namna ile.

Linabaki swali la shule. Wapo wanaosema nikiusifu wembe nitakuwa nimehalalisha vipara vya wanafunzi. Sikubali. Mwali alinyolewa kwa ajili ya mila moja, akizungukwa na ndugu zake, na nywele zilizoota baadaye zilikuwa za mtu mwingine, mwanamke aliyekwisha pokelewa. Mwanafunzi hunyolewa muhula hadi muhula mpaka amalize kidato cha nne, wala hakuna anayemwambia amevuka kutoka wapi kwenda wapi.