Ruhusa na nywila: Jinsi ya kulinda sajili ya wavuvi katika hifadhidata ya pamoja

MWAKA wa 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya. Uamuzi huo ulidhihirisha thamani ya kitu ambacho aghalabu hupuuzwa, yaani orodha ya majina. Aliyeorodheshwa ana msingi wa kudai haki yake. Asiyeorodheshwa hubaki akieleza kwamba yeye pia ni mvuvi.

Kanuni za mwaka wa 2007 zilivitaka vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) viweke sajili ya wanachama na takwimu za samaki wanaovuliwa. Sajili kama hiyo inapotolewa daftarini na kutiwa katika tarakilishi, ili itumiwe kwa pamoja na makarani wa Amu, Faza, Kizingitini na Kiwayuu, jambo la kwanza kuamuliwa ni nani aruhusiwe kufanya nini.

Akaunti moja kwa mtu mmoja

Kosa la kawaida ni ofisi nzima kuingia kwa akaunti moja na nywila, yaani neno la siri, moja. Jina likifutwa, kila mmoja hushukiwa na hakuna awezaye kuthibitisha kuwa hakuhusika. Kila mtumiaji awe na akaunti yake, na mfumo wenyewe uandike nani aliingia, lini, na alibadilisha nini. Kumbukumbu hizo zisiweze kuhaririwa na wale wanaofuatiliwa kwazo.

Ngazi za ruhusa

Nyumba za mawe za Amu zilijengwa kwa busara hii: mgeni hupokewa dakani, na vyumba vya ndani hubaki kwa wenye nyumba. Hifadhidata nayo igawanywe vivyo hivyo:

- Karani wa diko aingize takwimu za diko lake pekee.
- Afisa wa uvuvi azikague na kuzithibitisha.
- Viongozi wa BMU wasome bila kubadilisha.
- Msimamizi wa mfumo afungue na kufunga akaunti, lakini asitumie akaunti hiyo kuu kwa kazi za kila siku.

Kanuni ni kumpa mtu ruhusa inayotosha kazi yake, isizidi. Ruhusa zitolewe kwa kundi la kazi badala ya mtu mmoja mmoja. Karani akihamishwa, huondolewa kundini na ruhusa zote humtoka. Akaunti ya aliyeacha kazi ifungwe siku hiyo hiyo.

Kumwondoa mwanachama kuhitaji watu wawili: mmoja apendekeze, mwingine aidhinishe. Aidha, jina lisifutwe kabisa. Litiwe alama ya kusitishwa pamoja na sababu, ili kosa likigunduliwa liweze kurekebishwa.

Nywila

Nywila ndefu ni bora kuliko fupi yenye alama nyingi. Maneno manne au matano yasiyohusiana hukumbukwa kwa urahisi, na ni vigumu kuyabahatisha kuliko jina la mtoto au la jahazi likifuatwa na mwaka.

Mwongozo wa 2017 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulishauri watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani, bali kukiwapo dalili kwamba imevuja. Anayelazimishwa aghalabu huongeza tarakimu moja tu mwishoni.

Nywila inayokuja na programu mpya ibadilishwe kabla ya data yoyote kuingizwa. Vilevile, mfumo usihifadhi nywila zenyewe, bali alama iliyokokotolewa kutokana nazo, isiyoweza kugeuzwa kuwa nywila tena. Kwa msimamizi, iongezwe hatua ya pili, kwa mfano nambari inayotolewa na simu yake.

Sheria

Chini ya sheria ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi na uhalifu wa mtandaoni, anayeingia katika mfumo bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka mwenye kuhifadhi habari za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru.

Hatimaye, nakala ya akiba iwekwe mahali pengine, na mara kwa mara ijaribiwe kurejeshwa. Kila baada ya miezi mitatu, orodha ya watumiaji isomwe jina kwa jina: nani bado yupo, nani amehama, nani ana ruhusa asiyoihitaji. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, nayo humkinga mvuvi aliye baharini asirudi na kukuta jina lake halimo.