Neno Moja, Maana Nne
Kiingereza kina neno "land". Ndege ikitua ni hilo; udongo ni hilo; shamba ni hilo; nchi nayo ni hilo hilo. Nikiwa hapa Olmotonyi nautazama Mlima Meru na kukumbuka Engare Nanyuki, upande wa pili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000 na kuchoma nyumba zao, ili walowezi wapate malisho. Mkoloni alimaanisha ekari. Wameru walimaanisha nchi yao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuidai. Hakurudi na ardhi, lakini Tanganyika ilisikia. Basi, ndugu yangu, kabla ya kutia sahihi hati ya Kiingereza, uliza: neno hili hapa lina maana gani?